Daftari la Fataki

Fataki ya bastola, ile ndogo, ina upana wa milimita 4.45. Ukiiweka kiganjani utaona ni ndogo kuliko punje ya mahindi, lakini ndiyo inayowasha risasi. Ni kikombe cha shaba chenye kemikali kidogo ndani yake, na juu ya kemikali hiyo kimepachikwa kipande chenye miguu kinachofanya kazi ya fuawe. Pini ya bastola ikigonga kikombe, kemikali hubanwa dhidi ya fuawe, hulipuka, na mwali wake hupenya tundu lililo katikati ya kitako cha ganda hadi kuifikia baruti. Wapo watu ambao kazi yao ya mapumziko ni kulinganisha fataki za kampuni hii na za kampuni ile, kwa subira na bila kujidanganya. Mmoja wao ni mjomba wangu. Nimeufuata ufundi wake kwa muda mrefu kiasi cha kuuheshimu, na nataka kuueleza ulivyo.

Mjomba ni mzaliwa wa Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, aliyehamia Minnesota, Marekani. Huko sheria inamruhusu mpiga shabaha kujipakia risasi zake mwenyewe. Huokota maganda aliyokwisha kuyapiga, huyasafisha, huyarudisha katika umbo lake kwa mashine ya mkono, kisha huyatia fataki mpya, baruti iliyopimwa na kichwa kipya. Alipokuja nyumbani likizo hakubeba hata fataki moja. Mashirika ya ndege hayapokei fataki katika mzigo wa abiria, na hata kama yangezipokea, Sheria ya Silaha ya Kenya, Sura ya 114, haichezi na mtu anayekutwa na risasi bila cheti. Alichobeba ni daftari.

Tulilisoma barazani kwake, foleni ya malori ikisogea taratibu kuelekea kituo cha pamoja cha mpakani. Lazima niseme kwamba mtu wa huku hazungumzii risasi kwa wepesi. Mwaka 1895, katika eneo letu hilihili, Wabukusu walipigana na kikosi cha Waingereza kilichoongozwa na C. W. Hobley, kwanza Lumboka kisha Chetambe, na sababu mojawapo ilikuwa bunduki zilizokuwa mikononi mwa Wabukusu ambazo maofisa wa Kiingereza waliokuwa Mumias walizitaka. Mlima Elgon, ulio kaskazini mwetu, uliona mauaji na watu kuhama makwao kati ya 2006 na 2008 kwa ugomvi wa ardhi uliopigwa kwa bunduki. Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004 kuhusu silaha ndogo ndogo iliandikwa kwa ajili ya mipaka kama huu. Mjomba analijua hilo kuliko mimi, kwani alikulia hapa. Anapiga shabaha za karatasi na za chuma katika mashindano yenye waamuzi, na anaposhika kifaa cha kazi yake huonyesha uzito wa mtu anayekumbuka kifaa hicho kinaweza kufanya nini.

Daftari lenyewe halina mapambo. Juu ya kila ukurasa yameandikwa mambo yasiyobadilika: bastola ni ipi, maganda ni ya kampuni gani na yamekwisha kupigwa mara ngapi, kichwa kina uzito gani, baruti ni ipi na imepimwa kiasi gani, risasi nzima ina urefu gani kwa kipimo cha vania, hewa ilikuwa na joto kiasi gani siku hiyo. Chini yake kuna safu moja tu ya kitu kinachobadilika, nayo ni fataki.

"Mwanangu," aliniambia, "ukibadilisha vitu viwili kwa pamoja, hujapima kitu. Umepiga kelele tu."

Kulinganisha kwake kulianza kwa shida. Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipoingia na Wamarekani wakakimbilia maduka ya silaha, fataki ziliadimika. Remington, mmoja wa watengenezaji wake wakubwa, ilifilisika mwezi Julai mwaka huohuo. Fataki 1,000 zilizokuwa zikiuzwa kwa dola 30 hivi zilipanda hadi kupita dola 80, na mara nyingi rafu zilikuwa tupu kabisa. Mpakiaji aliyezoea aina moja kwa miaka alijikuta akinunua chochote kilichopatikana. Mjomba alikuwa mtu wa Federal, kampuni iliyoanza kutengeneza risasi mwaka 1922 Anoka, mji wa Minnesota usio mbali na kwake. Ghafla akawa na CCI za Lewiston, Idaho, akawa na Fiocchi za Lecco, Italia, na Sellier & Bellot za Ucheki. Baadaye zikaja za Ginex, kutoka Goražde, Bosnia. Wenzake wengi walizipokea kama chakula cha msiba, unakula kilichopo na huulizi. Yeye alifungua daftari jipya.

Kwa nini watu wa huko wanaweza kujipakia risasi nyumbani ni jambo ambalo huwezi kulielewa bila kurudi nyuma kidogo. Mwaka 1800 Mwingereza Edward Howard alieleza jinsi ya kutengeneza kemikali ya zebaki inayolipuka kwa kugongwa. Miaka 7 baadaye Alexander Forsyth, mchungaji wa kanisa huko Belhelvie, Uskoti, aliyependa kuwinda ndege, akapata hati miliki ya kuitumia kemikali ya namna hiyo kuwashia bunduki. Sellier & Bellot nayo ilianza Prague mwaka 1825 kwa kutengeneza fataki. Kisha, katika miaka ya 1860, wanaume wawili wakapachika fataki ndani ya ganda la shaba kila mmoja kwa njia yake. Edward Boxer wa karakana ya kijeshi ya Woolwich, Uingereza, aliiweka fuawe ndani ya fataki na kutoboa tundu moja katikati ya ganda. Hiram Berdan, Mmarekani, aliifanya fuawe kuwa sehemu ya ganda lenyewe na kutoboa matundu mawili pembeni. Wamarekani wakachukua njia ya Mwingereza, na sehemu kubwa ya Ulaya ikachukua ya Mmarekani. Uamuzi huo ndio uliozaa mapenzi haya ya mjomba, kwa sababu ganda la Boxer lenye tundu moja la katikati linakubali kusukumwa na pini nyembamba hadi fataki iliyotumika itoke. Ganda la Berdan halikubali kwa urahisi hivyo. Huwezi kuwa na taifa la watu wanaopakia risasi nyumbani kama kila ganda linakataa kufunguka.

Kemikali nazo zilibadilika. Zebaki ilidhoofisha shaba ya ganda, na mchanganyiko uliofuata, wenye klorati ya potasiamu, uliacha ndani ya mtutu chumvi inayovuta unyevu wa hewa. Risasi nyingi za .303 walizotumia Waingereza na majeshi yao ya makoloni, KAR (King's African Rifles) ikiwemo, zilikuwa za namna hiyo, na ndiyo maana askari walifundishwa kumimina maji ya moto ndani ya mtutu baada ya kupiga, la sivyo kutu ingeanza mapema mno. Tangu miaka ya 1920 Wajerumani, kisha wengine, walihamia mchanganyiko wa stifineti ya madini ya risasi, usioacha chumvi. Fataki nyingi za leo bado ni za ukoo huo. Madini ya risasi yakiingia mwilini ni sumu, na kwa hiyo ukurasa wa kwanza wa daftari la mjomba una orodha fupi: miwani machoni, mikono ioshwe kabla ya kula, mtoto asiingie chumbani, fataki zisitolewe katika kasha lake la plastiki lenye vishimo mpaka zinapohitajika. Vishimo hivyo vimewekwa ili zisigusane. Fataki nyingi zikimiminwa pamoja ndani ya chupa, moja ikilipuka hulipuka zote.

Sasa tuje kwenye kulinganisha kwenyewe, ambako ndiko mkono wa fundi unaonekana.

Hatua ya kwanza haina kipimo cha mashine. Ni kuingiza fataki katika nafasi yake kitakoni mwa ganda kwa kifaa cha mkono na kusikiliza kwa kidole gumba. Fataki inapaswa kukaa chini kidogo ya uso wa ganda, ikigusa sakafu ya nafasi yake kwa miguu ya fuawe. Ikibaki juu, pini ikigonga mara ya kwanza nguvu yote huishia kuisukuma ndani, na risasi haiwaki, ila labda kwa pigo la pili. Mtu asiyejua atalaumu kampuni. Daftari la mjomba lina neno moja mbele ya kila aina: laini, ngumu, imebana. Wapakiaji wengi husema kwamba za Sellier & Bellot na baadhi ya za Ulaya hubana zaidi zikiingia, na yeye aliliona hilo pia. Lakini hakuandika kuwa ni kasoro mpaka alipozijaribu katika maganda ya kampuni tofauti na kupima nafasi yenyewe. Kwenye baadhi ya maganda ilikuwa nafasi ndiyo nyembamba, si fataki iliyo nene. Nilipenda sana ukurasa huo. Kuna tuhuma iliyoandikwa kwa penseli, na chini yake kuna ushahidi uliomwondolea mtuhumiwa nusu ya kosa.

Hatua ya pili ni ugumu wa kikombe. Kikombe cha fataki ya bunduki kwa kawaida ni kinene kuliko cha bastola, kwa sababu bunduki hugonga kwa nguvu zaidi na shinikizo lake ni kubwa. Hata baina ya fataki za bastola, kampuni hazilingani. Federal wanajulikana kwa kikombe laini, CCI kwa kigumu zaidi. Kwa bastola yenye springi ya kiwandani tofauti hiyo huenda isionekane kamwe. Lakini wapiga mashindano hupenda kupunguza nguvu ya springi ili kifyatulio kiwe chepesi, na hapo fataki yenye kikombe kigumu itakataa kuwaka mara kwa mara. Bastola ya mjomba yenye springi iliyopunguzwa huwasha Federal bila tatizo na hugoma kwa baadhi ya nyingine. Alichofanya si kuitangaza Federal kuwa bora. Aliandika: "Kwa springi hii." Maneno matatu hayo yananifundisha mengi kuliko makala ndefu.

Halafu ndiyo tunafika kwenye mwendo. Kronografu ni kifaa cha kupima kasi ya kichwa cha risasi kinapotoka. Vya zamani hutazama kivuli chake kikipita juu ya macho mawili, vya siku hizi hutumia rada. Mpiga shabaha anajali mwendo kwa sababu katika mashindano ya IPSC, shirikisho la kimataifa la upigaji shabaha, risasi hupimwa: uzito wa kichwa kwa greni, zidisha kwa futi kwa sekunde, gawanya kwa 1,000, na jibu lisipungue 125 kwa daraja la chini. Kichwa cha greni 124 kinachokwenda futi 1,010 kwa sekunde kinatoa 125 na kitu. Badilisha fataki tu, mwendo ushuke futi 15, unapata 123. Unaweza kuendelea kupiga, lakini alama zako hazihesabiwi. Siku nzima ya mashindano inapotea kwa sababu ya kikombe cha milimita 4.45.

Je, fataki peke yake inaweza kuushusha mwendo hivyo? Ndiyo. Fataki hazina mwali sawa. Zile zinazoitwa magnamu, zilizotengenezwa kwa ajili ya baruti zinazoungua polepole, hutoa joto zaidi au kwa muda mrefu zaidi, na zinaweza kupandisha shinikizo mahali ambapo hukulitarajia. Kwa hiyo sheria ya vitabu vyote vya upakiaji, na ya mjomba, ni kwamba ukibadilisha fataki unarudi chini kwenye kipimo cha kuanzia cha baruti na kupanda tena kidogo kidogo. Wenzake humcheka kwa kupoteza muda. Nadhani hapo ndipo mtu anapotambulika kuwa fundi, kwa kuwa hatua hiyo haina faida inayoonekana siku ambayo kila kitu kimekwenda sawa.

Tofauti ya wastani ni rahisi kuiona. Ngumu ni mtawanyiko, yaani jinsi mwendo wa risasi moja unavyoachana na wa nyingine. Hapo watu wengi hujidanganya, na mjomba alinikalisha nusu ya alasiri kunieleza ni kwa nini. Mtu hupiga risasi 5 za aina moja, huangalia ya haraka na ya polepole, hutoa moja kwa nyingine, na kutangaza tofauti hiyo. Rafiki yake hupiga 30 za aina nyingine na kutangaza yake, ambayo ni kubwa zaidi. Wote wawili husema fataki ya kwanza ni bora. Lakini kadiri unavyopiga nyingi ndivyo unavyojipa nafasi ya kukutana na ile ya haraka mno na ile ya polepole mno. Kwa risasi zenye mtawanyiko uleule kabisa, tofauti kati ya ncha mbili hutarajiwa kuwa mara 2.3 ya mchepuko sanifu, yaani kipimo cha kawaida cha mtawanyiko, ukipiga 5, mara 3.1 ukipiga 10, na mara 4.1 ukipiga 30. Fataki haijabadilika. Kilichobadilika ni idadi.

"Na mchepuko sanifu wenyewe, Mjomba?" nikamuuliza.

"Nao huyumba." Akachukua kalamu. Ukipiga risasi 10 na kupata mchepuko wa futi 10, ukweli unaweza kuwa popote kati ya futi 7 na 18, kwa uhakika wa asilimia 95. Maana yake ni kwamba ukilinganisha aina mbili kwa risasi kumi kumi, moja ikakupa 9 na nyingine 13, huna haki ya kusema chochote. Umeona wingu tu. Alinionyesha kurasa ambazo miaka ya mwanzo aliandika "bora" kwa ushahidi wa namna hiyo, na juu ya kila neno hilo amepitisha mstari mmoja mwembamba, bila kulifuta, ili aendelee kuliona.

Ndiyo maana siku hizi hapigi aina moja hadi iishe kisha nyingine. Mtutu hupata moto, jua husogea, mkono huchoka, na fataki inayokuja mwisho hubeba lawama za vyote hivyo. Anazipanga kwa zamu: moja ya aina hii, moja ya ile, moja ya nyingine, kisha anaanza tena, huku binti yake akiandika. Hurudia siku ya baridi na siku ya joto, kwa sababu Minnesota ina Januari isiyo na huruma na baruti hujua tofauti. Kiwandani hawafanyi hivi kwa mkono. Hata Eldoret, kwenye barabara ambayo malori mengi hupitia yakija Malaba, kiwanda cha Kenya Ordnance Factories kinatengeneza risasi kwa mashine, na ubora wa risasi za kiwanda hutokana na wingi na ukaguzi. Upakiaji wa mkono ni kazi ya mtu mmoja mwenye ganda moja mkononi, anayetaka kujua kwa nini hili limefanya hivi.

Aliniruhusu nipitie hadi mwisho wa daftari. Kwa springi yake, kwa maganda yake na kwa baruti yake, aliishia kuchagua fataki ambayo haikuwa ya haraka kuliko zote. Mtawanyiko wake ulibaki mdogo katika baridi na joto, iliingia bila kubana, na haikugoma hata mara moja katika orodha aliyoikusanya kwa miezi. Aliandika jina la kampuni kwa herufi kubwa. Nikadhani hapo ndipo safari iliishia.

Kurasa mbili mbele, kazi inaanza upya. Kila kasha la fataki lina namba ya toleo iliyochapwa pembeni, inayoonyesha zilitengenezwa pamoja kwa mchanganyiko mmoja. Alipomaliza za toleo la kwanza, alinunua za kampuni ileile zenye namba nyingine, akazipima dhidi ya zile chache alizokuwa amezibakiza kwa makusudi. Tofauti ya mwendo kati ya matoleo hayo mawili ilikaribia ile aliyoipata kati ya kampuni mbili. Alirudi kwenye ule ukurasa wenye herufi kubwa, akapitisha mstari mwembamba juu ya jina la kampuni, na mbele yake akaandika namba ya toleo.